Umeishi naye miaka bila cheti? Hivi ndivyo dhana ya ndoa inavyotumika mahakamani, na dhana nyingine zinazoweza kukubeba au kukuangusha

Mama mmoja alinijia na bahasha ya kaki imejaa picha za birthday na kipaimara, akaimwaga yote mezani akasema mwanangu, nimekaa na yule baba miaka kumi na moja, sheria si inasema ukifikisha miwili tayari ni ndoa, sasa ameleta mwanamke mwingine na nyumba anasema ni ya kwake peke yake, nifanyeje. Mi si wakili, ni msaidizi wa kisheria tu wa mtaani, ila swali hili nimelisikia mara nyingi mpaka nimeona niliandike vizuri mara moja niwe nawatumia watu. Karibu kila anayekuja anakuja na kosa lile lile, anadhani dhana ya ndoa inajiwasha yenyewe kama taa ya barabarani giza likiingia. Haijiwashi. Kuna vitu unatakiwa uvithibitishe kwanza ndo iwake, na hata ikiwaka mwenzako anaruhusiwa kuja kuizima.

Ngoja nianzie kwenye dhana yenyewe maana bila hapo mengine hayataeleweka. Kwenye Sheria ya Ushahidi ya Tanzania, ile Sura ya 6 ya mwaka 1967, kanuni mama ni kwamba anayedai ndiye anayethibitisha. Ukisema huyu ni mume wangu, leta ushahidi, ukisema hii simu ni yangu, leta ushahidi. Lakini kuna mambo ambayo kuyathibitisha moja kwa moja ni shughuli pevu: utathibitishaje kwamba mtu aliyepotea amekufa wakati maiti haijaonekana, au kwamba huyu kijana aliyekamatwa na pikipiki ndiye aliyeiiba usiku wakati hakuna aliyemwona? Hapo sheria inasema sawa, wewe nithibitishie haya madogo, hili kubwa nitalidhani, halafu asiyekubali ndo aje alipangue. Kwa hiyo dhana ni njia ya mkato ya ushahidi, ila mlangoni kuna geti, na geti ndo hayo madogo. Wengi wanaanguka getini, tena wakilalamika kwamba hakimu kahongwa.

Na dhana hazina nguvu sawa. Kuna zile mahakama inaweza kudhani, yaani hakimu anaangalia mazingira anaamua mwenyewe akubali au akatae. Kuna zile ambazo mahakama lazima idhani mpaka upande wa pili ulete ushahidi wa kupinga. Halafu kuna chache ambazo sheria inaziita uthibitisho kamili, kama kwamba mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa halali ni wa mume, au ndani ya siku 280 baada ya ndoa kuvunjika huku mama hajaolewa tena, hiyo haipanguliwi kwa maneno ya mtaani kwamba mtoto hafanani na baba, inapanguliwa kwa kuonyesha kwamba hao wawili hawakuwa na nafasi ya kukutana kimwili kipindi mimba ilipoingia. Ukisikia mtu anasema "sheria inadhani", muulize inadhani kwa nguvu gani.

Sasa turudi kwa yule mama.

Dhana ya ndoa ipo kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kifungu kidogo cha kwanza kinasema, kwa maneno yangu, ikithibitishwa kwamba mwanaume na mwanamke wameishi pamoja miaka miwili au zaidi, katika mazingira ambayo watu wakawachukulia kuwa ni mume na mke, basi itadhaniwa kwamba walioana kihalali, na dhana hiyo inaweza kupingwa. Soma tena taratibu. Miaka miwili ni nusu tu, nusu ya pili ambayo watu wanairuka ni hii ya watu kuwachukulia hivyo. Mnaweza kukaa miaka saba kwenye chumba na sebule huko Mbagala lakini kama kwa majirani anakutambulisha kama dada yake, kwa mwenye nyumba amekuandika mgeni, na kwao hujawahi kukanyaga hata msibani, ile miaka saba inakuwa ni hesabu tu. Na kinyume chake pia, mkiwa mmekaa mwaka mmoja na nusu, hata mtaa mzima ukikuita mama fulani bado hujafika.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza, kabla hujaenda popote, ni kukaa chini na daftari na kuandika ratiba ya maisha yenu. Mlianza kukaa pamoja lini, nyumba ya nani, mtaa gani, mkahamia wapi, nani alikuwa mjumbe au mwenyekiti wa mtaa kipindi hicho, mtoto wa kwanza alizaliwa mkiwa wapi, kuna kipindi mliachana mkarudiana? Hili la kuachana na kurudiana liandike hata kama linakuuma, maana wakili wa upande wa pili atalitafuta, na kama miaka yako miwili ni vipande vipande vya miezi mitano mitano atakwambia hamkuishi, mlikuwa mnatembeleana. Mi huwa naomba mtu aniambie tarehe kwa kutumia matukio, Pasaka ipi, uchaguzi upi, mtoto alikuwa darasa la ngapi, kwa sababu mtu akiulizwa tarehe kavu kizimbani anababaika anaonekana muongo wakati ni woga tu.

Baada ya ratiba unatafuta vielelezo vya zile nusu mbili, na usivichanganye. Vya kuishi pamoja ni mkataba wa pango wenye majina yenu, barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa, fomu ya shule ya mtoto iliyoandika anuani moja ya wazazi wote wawili, daftari la wakazi kama mwenyekiti alikuwa analiweka vizuri. Vya kuchukuliwa kuwa mke na mume vina utamu wake, na watu wanavidharau sana: kadi ya bima ya afya ambayo amekuandika mwenza wake, fomu ya kazini kwake ya wategemezi, kadi za michango ya harusi zilizoandikwa Bwana na Bibi fulani (hizi usitupe kamwe, mi za kwangu nazihifadhi kwenye boksi la viatu), kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa cha mtoto chenye jina la baba, kitabu cha vikoba ulichomwandika yeye kama mrithi wako, picha za msiba wa kwao umevaa kitenge cha sare na mawifi zako. Hiyo ya sare ya msiba usiione ndogo, hapa kwetu mwanamke hakatiwi sare ya familia kama hatambuliwi.

Picha za birthday alizoleta yule mama hazikuwa na shida ila hazikutosha, zilionyesha keki na watoto tu. Nilipomuuliza una kitu gani kingine akasema hana, dakika kumi baadaye akakumbuka kwamba yule baba alimwandika kwenye bima ya kazini. Ndo hivyo, watu wana ushahidi ndani ya pochi na hawajui.

Meseji na wasapu zinakubalika, ila usiende na skrinishoti tupu ukadhani umemaliza. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ushahidi wa kielektroniki unapokelewa, lakini mahakama itataka kujua umetoka kifaa gani, nani alikuwa nacho, umehifadhiwaje, umechapishwaje, na kwamba hakuna aliyeuchezea. Kwa hiyo simu yenyewe usiiuze wala usiifute, namba yake isajiliwe kwa jina linaloeleweka, na ukichapisha zile meseji muombe anayekuandalia nyaraka akuandalie na kiapo kinachoeleza hayo yote. Nimeona mtu ana meseji kabisa ya "mke wangu nimetuma hela ya ada", simu amempa mdogo wake, mdogo wake ameipeleka kwa fundi, fundi ameipiga flashi. Imeisha hiyo.

Mashahidi. Watu wanapenda kuleta umati, dada, mama mdogo, rafiki wa kanisani, wote waseme kitu kimoja. Sheria ya Ushahidi haijaweka idadi ya mashahidi, mmoja mzuri anaweza kutosha na kumi wabovu wakaharibu. Mzuri ni yule aliyeona kwa macho yake na hana cha kupata: mwenye nyumba aliyepokea kodi kutoka kwenu wote wawili, jirani wa ukuta mmoja, mwenyekiti wa mtaa aliyewahi kuwasuluhisha, na wa dhahabu kabisa ni ndugu wa upande wa mwanaume, wifi au baba mkwe ambaye bado ana roho ya haki. Ndugu zako wewe waje pia lakini wasiwe peke yao. Na mwambie shahidi aseme alichoona, asianze kusema "nilisikia wanaishi pamoja", hicho alichosikia hakimu anakiweka pembeni.

Mahari sasa. Kila mwanaume anayetaka kuikimbia dhana hii anakuja na hoja ya mahari, sijatoa hata shilingi kwao huyu si mke. Hoja hiyo ni dhaifu kuliko anavyodhani. Sheria ya Ndoa yenyewe inasema ndoa haibatiliki kwa sababu tu taratibu za mahari hazikufuatwa, sasa kama ndoa kamili haivunjwi na kukosekana kwa mahari, dhana ya ndoa itavunjwaje? Ila ukiwa na ushahidi wa mahari, hata posa au barua ya uchumba iliyopokelewa, ilete, inasaidia kuonyesha nia.

Hoja inayouma kweli ni ya uwezo wa kuoana. Kama mmoja wenu alikuwa tayari kwenye ndoa ya mke mmoja, mfano ana cheti cha ndoa ya kanisani na mkewe yuko hai na hawajapeana talaka mahakamani, hakuna miaka ya kuishi pamoja itakayozaa dhana, mkae hata ishirini. Vivyo hivyo mwanamke aliye kwenye ndoa halali na mtu mwingine, ya dini yoyote ile, hawezi kudhaniwa mke wa mwanaume wa pili. Kutengana siyo talaka! Hii naisema kwa herufi za kawaida lakini ningeweza ningeiandika ukutani. Wapo watu wametengana na wenzao tangu enzi za Mkapa, kila mtu ana maisha yake, wanaamini ndoa ilijifia, kumbe kwenye karatasi iko hai na inakuja kufukuliwa siku ya kesi. Kwa hiyo kabla hujafungua shauri jiulize wewe na umuulize na yeye kama inawezekana, kuna cheti sehemu?

Na hapa ndo pana kitu kizuri ambacho nusu ya watu ninaokutana nao hawakijui kabisa, kifungu kidogo cha pili cha hicho hicho cha 160. Kinasema hata kama dhana imepingwa na ikaanguka, mradi mahakama imeridhika kwamba mliishi kweli kama mume na mke kwa miaka miwili au zaidi, mwanamke anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto, na mahakama inaweza kutoa nafuu nyingine kama zile zinazotolewa ndoa ikivunjwa. Mahakama ya Rufani ilishaweka wazi miaka ya tisini kwamba hizo nafuu nyingine ni pamoja na kugawana mali mliyochuma pamoja. Kwa hiyo kwenye maombi yako usiweke ombi moja. Weka la kwanza kwamba mahakama itamke kuwepo kwa dhana ya ndoa, na weka ombi mbadala kwamba endapo itaona dhana imepanguliwa basi nipewe nafuu chini ya kifungu kidogo cha pili. Watu wanaandika "naomba talaka" basi, halafu wanashangaa wakiulizwa talaka ya ndoa ipi.

Mali nayo ina dhana zake, tena hizi ndo zinawakata watu miguu. Sheria hiyo hiyo ya Ndoa kifungu cha 60 inasema mali iliyopatikana wakati wa ndoa ikiwa kwa jina la mmoja, itadhaniwa ni ya huyo mmoja, na ikiwa kwa majina yenu wote itadhaniwa mna haki sawasawa. Kwa hiyo umepambana ukashinda dhana ya ndoa, umetoka unashangilia, unakuta kuna dhana nyingine imekaa upande wa mwenzako kwa sababu hati ya kiwanja ina jina lake. Habari njema ni kwamba nayo inapingika, na unaipinga kwa mchango. Tangu ile hukumu maarufu ya Bi Hawa Mohamed ya mwaka 1983, mahakama zetu zinakubali kwamba kupika, kufua, kulea, kutunza nyumba ni mchango katika kuchuma mali, siyo mpaka uwe ulinunua saruji. Lakini kiasi gani, hilo ni suala la ushahidi, na anayesema tu "nilikuwa mama wa nyumbani" akanyamaza atapata kidogo kuliko anayeeleza kwamba nilikuwa naamka saa kumi nakaanga vitumbua nauza, hela ya vitumbua ndo ilikuwa inalisha nyumba, mshahara wake wote ukaenda kwenye tofali. Ukiwa na risiti za bati, miamala ya simu uliyomtumia fundi, mkopo wa vikoba uliochukua mwezi ule ule msingi ulipochimbwa, weka mstari mmoja mmoja kwenye lile daftari lako, tarehe ya mkopo mkabala na hatua ya ujenzi, hakimu akiona vinaendana hahitaji hotuba.

Wapi unapeleka? Mahakama ya mwanzo, ya wilaya, ya hakimu mkazi na Mahakama Kuu zote zina uwezo wa kusikiliza mashauri ya ndoa, wengi wetu tunaanzia ya mwanzo kwa sababu iko karibu na gharama ni ndogo, na kabla yake watu hupita baraza la usuluhishi la ndoa la kata, au BAKWATA kwa Waislamu, wakapata hati kwamba usuluhishi umeshindikana. Kitu kimoja cha kujua, mahakama ya mwanzo haitumii ile Sheria ya Ushahidi Sura ya 6, ina kanuni zake za ushahidi za tangu 1964, fupi na rahisi, kwa hiyo usiende pale na vifungu vya Sura ya 6 umevikariri, utamchosha hakimu bure. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa lakini kinafanya kazi kote. Kiwango cha uthibitisho ni kile cha madai, yaani upande upi una uzito zaidi, siyo kile cha jinai cha kutoacha shaka. Halafu namba za vifungu, kuna toleo la marejeo ya sheria la 2023, usinakili namba kutoka kwenye chapisho la zamani bila kuliangalia hilo.

Yote haya ni Tanzania Bara. Zanzibar Sheria ya Ndoa ya 1971 haitumiki, kwa hiyo aliye Unguja au Pemba asisome kifungu cha 160 akajipa moyo. Na ndugu zetu wa Kenya, ile wanayoiita kamu wi stei, yaani kukaa pamoja bila kufunga ndoa, hali yao ni nyingine, kule Sheria ya Ndoa ya 2014 haina kifungu kinachofanana na chetu, dhana imejengwa na mahakama zenyewe kwenye hukumu. Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilikaza kamba kweli kweli, ikataka muda mrefu wa kuishi pamoja, uwezo wa kisheria wa kuoana, nia, ridhaa ya wote wawili, na kujionyesha kwa watu kama mke na mume, na ikasema dhana hii itumike kwa nadra. Kwenye kesi hiyo dhana ilikataliwa kwa sababu mwanamke alikuwa bado na ndoa nyingine, ila mali mahakama haikuiacha hivi hivi, ikagawa 70 kwa 30 kwa kuangalia nani alichangia nini. Kwa hiyo kule pia ushahidi wa mchango unaokoa pale dhana inapokufa.

Tuseme umekaa upande wa pili, wewe ndo unadaiwa mume au mke wakati unajua kabisa hamkuwa hivyo. Usiende kukana kila kitu. Nimeona mwanaume anasema simfahamu huyu mwanamke, dakika tano baadaye kinaletwa cheti cha mtoto amesaini mwenyewe, kuanzia hapo hata ukweli wake haukusikilizwa. Chagua eneo moja ambalo kweli halikutimia upige hapo hapo: muda haukufika, au mlikuwa na makazi tofauti na una mkataba wa pango wa kwako, au kuna ndoa halali na cheti hiki hapa. Kuzaa pamoja peke yake hakufanyi dhana ya ndoa, mtoto ana haki zake zote za matunzo kwa baba yake hata kama wazazi hawakuwahi kulala nyumba moja wiki nzima, hayo ni mambo mawili tofauti na ukiyatenganisha vizuri hakimu atakuelewa.

Mazito ni mwenza akifa. Hapo wanakuja ndugu, wanafunga nyumba kufuli siku ya arobaini, wewe unaambiwa ulikuwa hawara. Dhana hii watu huileta pia kwenye mirathi ila ni ngumu zaidi maana aliyekuwa anajua ukweli wenu hayupo kusema ndiyo wala hapana, kwa hiyo nyaraka zinakuwa na uzito kuliko maneno. Usisubiri. Ukisikia ndugu wamefungua mirathi wahi uweke pingamizi ndani ya muda wa tangazo, maana msimamizi akishateuliwa na akaanza kuuza, kumfukuza ni kazi nyingine. Ingia kwenye kikao cha ukoo hata kama wanakununia, na ule muhtasari wa kikao ukiandikwa angalia wamekutaja kama nani, nimewahi kuona muhtasari ulioandikwa na ndugu wenyewe "mke wa marehemu" halafu mbele ya hakimu wakamkana, karatasi yao ikawageuka.

Kuna na wale ambao mwenza hajafa wala hayupo. Ameenda machimboni au Afrika Kusini kutafuta maisha, kimya. Kwenye mashauri ya ndoa huku Bara, mtu asiposikika kwa miaka mitano kwa wale ambao kwa kawaida wangesikia habari zake, anadhaniwa amefariki, mpaka itakapoonyeshwa yuko hai. Kenya ni saba. Geti hapa ni hilo neno "wale ambao wangesikia". Wewe kutosikia hakutoshi kama mama yake anaongea naye kila Jumapili, kwa hiyo unaenda kwa wazazi, ndugu, mwajiri, waliosafiri naye, unaandika nani alimsikia mara ya mwisho na lini, na miaka mitano inaanza kuhesabiwa hapo, siyo siku aliyoondoka. Taarifa polisi na RB yake, ile namba ya taarifa, tunza, tangazo la redio au gazeti tunza kipande. Na dhana hii inasema amefariki, haisemi alifariki siku gani, kama tarehe ina maana kwenye mgao wa mirathi itabidi uilete kwa ushahidi mwingine. Na siyo lazima kila mara usubiri miaka mitano, mtu akiwa anajulikana kabisa alikuwa kwenye chombo kilichozama, kama MV Bukoba ile ya tarehe 21 Mei 1996 Ziwa Victoria, mahakama inaweza kulifikia jambo kutokana na mazingira yenyewe.

Niguse na hii ya jinai kidogo maana vijana wanaumia nayo, ingawa najua mliingia humu kwa ajili ya ndoa. Katiba yetu ibara ya 13(6)(b) inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike, hiyo ndo dhana ya kutokuwa na hatia na mzigo wote unabaki kwa upande wa mashtaka. Ila kuna dhana ndogo inayoupenya huo ukuta, ya kukutwa na mali iliyoibwa karibuni. Mahakama zinataka vitu vinne: mali ikutwe kwako, itambuliwe bila utata kuwa ni ya mlalamikaji, iwe iliibwa kwake karibuni, na iwe ndiyo iliyotajwa kwenye hati ya mashtaka. Vikikamilika unatakiwa utoe maelezo yanayoingia akilini uliipataje, ukishindwa unaweza kuhesabiwa wewe ndo mwizi. "Karibuni" inategemea kitu, simu inabadilisha mikono kwa siku mbili, trekta haliuzwi kirahisi hivyo. Kwa hiyo ukinunua simu iliyotumika, piga *#06# andika IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu, kwenye karatasi, muuzaji aandike jina na namba ya kitambulisho chake asaini, lipia kwa simu siyo keshi ili muamala ubaki, mpige na picha akiwa ameishika. Akikataa picha muache aende nayo. Maelezo yako huhitaji kuyathibitisha mpaka shaka iishe, inatosha yawe ya kuaminika, lakini yatoe mapema, pale pale kituoni, siyo uje uyakumbuke miezi minane baadaye kizimbani.

Yule mama aliishia wapi? Tulimsaidia kuandika maombi yale mawili, la kwanza na mbadala, akaenda na fomu ya bima, mwenye nyumba wao wa zamani, na wifi yake mmoja aliyekubali kusimama. Mwenye nyumba huyo alikuwa na miaka sabini na kitu na alikuwa anajiandaa kuhamia kijijini kwao Songea, tungechelewa mwezi mmoja tungemkosa. Kwa hiyo kama unasoma hii na shahidi wako ni mzee, anza naye yeye leo, hata kabla ya kutafuta picha.